Wimbo wa Bendi Ndani ya Filamu: Nani Mwenye Kauli?

Mazungumzo kuhusu muziki wa filamu huko Isingiro, kama ilivyo kwingine Kyerwa na Karagwe, huzunguka madai matatu. La kwanza linasema wimbo ukishapigwa redioni umekuwa wa watu wote. La pili linasema aliyelipia studio ndiye mwenye wimbo. La tatu linasema wimbo ukiingizwa kwenye filamu unageuka kuwa mali ya filamu. Madai haya hayawezi kusimama pamoja, ila mtu mmoja huweza kuyatetea yote kwa siku moja. Anayehariri video za harusi hushika la kwanza. Mwenye studio hushika la pili. Kijana anayetengeneza vichekesho kwa simu hujikuta kwenye la tatu YouTube inapoizima sauti ya video yake, au inapopeleka mapato ya matangazo kwa mtu asiyemjua.

Uchambuzi huu unaangalia njia ambazo nyimbo za bendi huingia kwenye filamu, faida na hasara za kila njia, na ipi inawafaa wanamuziki na watengeneza filamu wa mkoa wa Kagera. Mfano mkuu ni bendi ya rock ya Queen. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kuna sababu nyingine kubwa zaidi ya kuichagua: nyimbo za Queen zimepita karibu kila mlango ambao wimbo unaweza kuingilia kwenye filamu, na matokeo ya kila mlango yanajulikana.

Chanzo cha mkanganyiko

Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Wimbo mmoja una haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na mahadhi. Ya pili ni ya rekodi, yaani sauti yenyewe iliyonaswa studio. Mtengeneza filamu anayetaka kutumia rekodi anahitaji ruhusa mbili, na mara nyingi ruhusa hizo ziko kwa watu wawili tofauti. Filamu ya A Knight's Tale ya mwaka 2001 inalionyesha hilo vizuri. Inafunguliwa na "We Will Rock You" katika rekodi yenyewe ya Queen, lakini "We Are the Champions" inasikika humo kwa sauti ya Robbie Williams katika rekodi mpya. Nyimbo zote mbili ni za Queen kwa utunzi. Moja tu ndiyo iliyoletwa na rekodi yake ya zamani.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Kwa miongo mingi, bendi nyingi za Tanzania zilikuwa mali ya mashirika. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, na jeshi na polisi nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, gitaa ni la shirika, na kurekodi kulifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapisha santuri, kwa hiyo kazi zilipelekwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hata njia hiyo ikakatika. Katika mazingira hayo swali la nani mwenye wimbo halikuwa na faida ya kuulizwa, maana hapakuwa na soko la kuuzia haki hiyo.

Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyochanganya rock na midundo ya Kiafrika, ni kielelezo cha gharama ya mazingira hayo. Albamu yake Ave Africa ilitoka mwaka 1976. Rekodi zake zote za kuanzia 1973 hadi 1976 zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 2016, miaka 40 baadaye, na kampuni ya Uingereza. Katika miaka hiyohiyo ya sabini nchi ilikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, shirika la umma. Yaani filamu za Kitanzania zilikuwapo na bendi za Kitanzania zilikuwapo. Kilichopungua ni utaratibu ambao ungemwezesha mtunzi kudai malipo kila wimbo wake unapotumika kwenye picha.

Sababu ya tatu ni ya namna filamu zinavyotazamwa. Katika vibanda umiza, filamu za kigeni zimezoeleka zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, kama Lufufu alivyovuma enzi zake, au kama wale wa Uganda ambao kazi zao huvuka Mto Kagera kirahisi kupitia Murongo. Sauti ya mtafsiri hufunika muziki, na orodha ya majina mwishoni hukatwa. Mtazamaji anaondoka na wimbo kichwani bila jina la bendi wala la mtunzi. Haishangazi akiamini kwamba wimbo ni wa filamu.

Msimamo wa kwanza: filamu ni tangazo, hilo latosha

Wanaoshika msimamo huu husema mwanamuziki asisumbue kudai malipo. Filamu itaupeleka wimbo wake mbali, na faida itakuja kwa njia ya maonyesho na mauzo.

Ushahidi wao si mdogo. "Bohemian Rhapsody", utunzi wa Freddie Mercury wa mwaka 1975, ulifika nafasi ya 9 kwenye chati kuu ya Marekani mwaka 1976. Mwaka 1992 uliwekwa kwenye filamu ya vichekesho ya Wayne's World, katika onyesho la vijana wanaotikisa vichwa ndani ya gari. Mtunzi alikuwa amefariki miezi michache tu kabla, Novemba 1991. Wimbo ukapanda hadi nafasi ya 2, juu kuliko ulipokuwa mpya. Onyesho la dakika chache liliiletea Queen kizazi kizima cha mashabiki wa Marekani ambao hawakuwahi kuifuatilia.

Udhaifu unajificha ndani ya ushahidi huohuo. Queen na warithi wa Mercury walinufaika kwa sababu umiliki ulikuwa umeandikwa zamani. Santuri na kaseti zilipouzwa, palikuwa na akaunti ya kupokea mrabaha. Tangazo huongeza thamani ya haki iliyopo, wala halimpi haki asiyekuwa nayo. Bendi ya Kayanga ambayo haijaandika popote nani alitunga nini ikipata umaarufu kupitia filamu, umaarufu huo utamnufaisha kwanza yule mwenye karatasi, awe prodyuza, msambazaji au mwenye chaneli.

Msimamo wa pili: uza wimbo moja kwa moja

Msimamo huu unapendwa kwa sababu unaleta fedha leo. Mtunzi analipwa mara moja, anasaini, na mambo yanaisha. Bongo Muvi ilikua kwa utaratibu huu: filamu nyingi za miaka ya 2000 ziliuzwa kwa jumla kwa wasambazaji wa Kariakoo, haki zote zikaenda na kanda. Nguvu yake ni uhakika. Hakuna kufuatilia hesabu, hakuna wakili, na hasara ya filamu isiyouzika inabaki kwa mnunuzi.

Watu wa Karagwe na Kyerwa wanaijua biashara ya aina hii kwa jina la butura: mkulima mwenye shida anauza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya mnunuzi, na inapoiva anaiangalia ikivunwa na mwingine. Serikali na vyama vya ushirika wamepambana nayo miaka mingi kwa sababu moja: anayeuza anakubali bei kabla hajajua mavuno.

Muziki una butura yake, na iliyo mashuhuri kuliko zote inatoka Afrika Kusini. Solomon Linda na kundi lake, Original Evening Birds, walirekodi "Mbube" mwaka 1939 kwa kampuni ya Gallo, Johannesburg. Linda aliachia haki kwa shilingi 10. Wimbo ukaenda Marekani, ukawa "Wimoweh", kisha mwaka 1961 kundi la The Tokens likaurekodi kwa maneno ya Kiingereza kama "The Lion Sleeps Tonight". Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mwaka 1994 Disney ikautumia kwenye The Lion King, filamu iliyotazamwa duniani kote. Makala ya mwandishi Rian Malan ya mwaka 2000 ndiyo iliyoamsha suala, na wanasheria wakagundua kwamba sheria ya kale ya Dola ya Uingereza ilirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Kesi ikafunguliwa, na mwaka 2006 yakafikiwa makubaliano ya kuwalipa mabinti zake. Haki ilirudi, ila baada ya zaidi ya nusu karne, na kwa bahati ya kifungu ambacho wengi walikuwa wamekisahau.

Hata hivyo, kuuza si kosa kila mara. Mwaka 2024 iliripotiwa kwamba Sony ilinunua nyimbo za Queen kwa takriban pauni bilioni 1. Hilo nalo ni kuuza moja kwa moja. Tofauti ni kwamba Queen waliuza baada ya miaka 50 ya hesabu, wakijua kila wimbo unaingiza nini kwa mwaka, wakiwa na washauri, na bila njaa mlangoni. Linda aliuza asichojua thamani yake kwa mtu aliyekuwa na ofisi, mashine na soko.

Msimamo wa tatu: filamu iagize nyimbo zake

Hapa mtengeneza filamu haombi wimbo wa zamani. Anaiita bendi, anaionyesha picha, nayo inatunga kwa ajili ya hadithi hiyo. Queen walifanya hivyo mara mbili. Mwaka 1980 walitengeneza muziki wa Flash Gordon, wakishirikiana na Howard Blake aliyeandika sehemu za okestra. Mwaka 1986 walitunga nyimbo za Highlander, hadithi ya mtu asiyekufa anayeshuhudia mke wake akizeeka. Kutoka hapo Brian May alipata "Who Wants to Live Forever", wimbo ambao bila hadithi hiyo pengine usingezaliwa.

Nguvu ya njia hii ni mbili. Wimbo unakaa sawasawa na picha kwa kuwa ulizaliwa pamoja nayo, na makubaliano hufanywa mapema kati ya pande zinazojuana. Jambo la tatu lilijitokeza kwenye Highlander: filamu ilianguka katika kumbi za Marekani, lakini nyimbo zilitoka kwenye albamu ya bendi, A Kind of Magic, iliyofika namba moja Uingereza. Bendi iliyobaki na nyimbo zake haikuzama na filamu.

Afrika ina mfano wake. Filamu ya Neria ya Zimbabwe, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, inayohusu mjane anayenyang'anywa mali na ndugu wa mume, ilipewa muziki na Oliver Mtukudzi, ambaye pia aliigiza humo. Wimbo wake wa Kishona ulivuka mipaka ya lugha na unajulikana hadi kwa watu ambao filamu hawajaiona.

Udhaifu ni gharama na muda. Kutunga upya kunataka mazoezi, studio na subira, na mtazamaji hana kumbukumbu ya awali na wimbo huo. Wimbo unaojulikana huleta hisia zake tangu noti ya kwanza. Mpya lazima uzijenge.

Msimamo wa nne: mwenye nyimbo ashike usukani

Msimamo huu unasema mwanamuziki asiishie kutoa ruhusa, bali awe na sauti katika filamu yenyewe. Mfano mkubwa ni Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018. May, Roger Taylor na meneja wa bendi, Jim Beach, walihusika tangu mradi ulipoanza. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 900 na kupata Oscar 4, mojawapo ya Rami Malek kama mwigizaji bora. Rekodi za tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985 zilitolewa ndani ya albamu ya filamu hiyo, na nyimbo za zamani zikarudi kwenye chati.

Kwa upande wa fedha na heshima ya kazi, ni vigumu kupata hoja ya kupinga. Tatizo liko kwenye ukweli. Filamu inaonyesha bendi imesambaratika na kupatana tena kwa ajili ya Live Aid, ilhali Queen walikuwa wamemaliza ziara ya pamoja miezi michache tu kabla. Inamlaumu Mercury kwa kwenda kuimba peke yake, ingawa Taylor alitoa albamu yake binafsi mwaka 1981, kabla ya Mercury. Inamwonyesha Mercury akiwaeleza wenzake kuhusu UKIMWI kabla ya tamasha, wakati maelezo mengi ya maisha yake huweka kupimwa kwake kwenye mwaka 1987. Wahakiki wengi walisema hadithi imelainishwa upande wa waliobaki hai. Zanzibar yenyewe inabaki pembeni, kama asili ambayo kijana anaikimbia.

Mwongozaji angeweza kukataa masharti hayo? Angeweza, na kuna filamu zilizojaribu. Jimi: All Is by My Side, ya mwaka 2013, ilisimulia maisha ya Jimi Hendrix bila nyimbo alizotunga. Stardust, ya mwaka 2020, ilisimulia ujana wa David Bowie bila nyimbo zake. Zote zilikuwa huru kutoka kwa familia za wasanii, na zote hazikufika mbali. Mtazamaji anayekwenda kumwona Bowie anataka kumsikia Bowie. Kwa hiyo mwenye ruhusa ya nyimbo ana nguvu ya kupanga hadithi hata asipoandika sentensi moja ya mswada.

Kupima misimamo yote

Ukiweka misimamo minne mezani, unaona kwamba jambo moja linaamua matokeo ya kila mmoja: hali ya umiliki kabla filamu haijabisha hodi. Tangazo lilimfaa aliyekuwa na haki iliyoandikwa. Kuuza kulimfaa aliyejua thamani. Kuagizwa kuliifaa bendi iliyobaki na nyimbo zake. Usukani ulishikwa na waliokuwa na ruhusa mkononi.

Na umiliki huo ndani ya bendi si jambo jepesi hata kwa matajiri. Miaka mingi ya mwanzo, kila wimbo wa Queen ulibeba jina la aliyeutunga, na fedha zilifuata jina. Upande wa pili wa santuri ya "Bohemian Rhapsody" uliwekwa wimbo wa Taylor, "I'm in Love with My Car", na kwa kuwa santuri ni moja, mtunzi wa upande wa pili alipata mrabaha wa utunzi sawa na Mercury. Hilo lilizua manung'uniko ya muda mrefu. Kufikia albamu ya The Miracle ya mwaka 1989 walikubaliana nyimbo zote ziandikwe kwa jina la Queen. Ugomvi ukapungua, lakini jina la mtunzi mmoja mmoja likafichika. Kila mfumo una bei yake. Usio na nafuu yoyote ni ule wa kutoandika kabisa.

Sheria ya Tanzania inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapotunga, bila kumtaka asajili kwanza, na ulinzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kunampa ushahidi. Sheria hiyohiyo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, jambo lenye uzito kwa ngoma za Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa ambazo hazina mtunzi mmoja anayejulikana. Dai la kwanza tulilolitaja mwanzoni, kwamba kilichopigwa redioni ni cha wote, linaanguka hapo. La pili linaanguka nusu: aliyegharimia kurekodi anaweza kuwa na haki ya rekodi, ila utunzi haumfuati bila makubaliano. La tatu linaanguka lote, isipokuwa pale mkataba unaposema hivyo.

Udhaifu wa sheria uko kwenye utekelezaji. Wakili, nauli na muda wa kesi vinaweza kuzidi thamani ya wimbo wenyewe. Kwa bendi ya kijijini, mkataba mzuri unafaa zaidi kuliko kesi nzuri, kwa sababu mkataba unazuia ugomvi kabla haujahitaji mahakama.

Na soko lipo. Saida Karoli, kutoka upande wa Bukoba, aliiteka nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000 akiimba kwa Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walirudisha mahadhi ya "Maria Salome" katika "Salome", na kizazi kipya kikayacheza. Miaka 15 ilikuwa imepita na wimbo wa Kagera ulikuwa bado na thamani. Hakuna sababu ya kuamini kwamba Kinyambo ni lugha ndogo mno kwa filamu, maana Kishona cha Mtukudzi na Kizulu cha Linda havikuzuiwa na idadi ya wasemaji.

Njia inayofaa Isingiro

Kwa bendi, kwaya na vikundi vya ngoma, hatua ya kwanza haihitaji fedha: karatasi inayoeleza nani alitunga, nani alipiga, na mgao utakuwaje, ikasainiwa kabla ya kuingia studio. Hatua ya pili ni kukodisha badala ya kuuza. Ruhusa itaje filamu moja, muda, maeneo na namna ya kuonyeshwa, na utunzi ubaki kwa mtunzi. Filamu ya vijana isiyo na bajeti inaweza kupewa wimbo bure, mradi ubure huo uandikwe, uwe na mwisho, na jina la mtunzi litokee kwenye picha. Kuuza haki zote kubaki kuwa uamuzi wa mwisho, si wa kwanza.

Kwa watengeneza filamu, kuagiza muziki mpya kwa wanamuziki wa karibu ndiyo njia yenye hatari ndogo. Wimbo maarufu wa nje unaongeza ladha, lakini unaiweka video mikononi mwa mfumo wa YouTube ambao mwenye haki ameshaupa sampuli ya sauti yake. Wimbo wa bendi ya Nkwenda ulioagizwa kwa mkataba wa ukurasa mmoja hauna hatari hiyo, na unaipa hadithi sauti ya mahali inapotoka.

Kwa kifupi, wimbo una haki mbili, na kuingia kwake kwenye filamu hakuzifuti. Tangazo, kuuza, kuagizwa na kushika usukani ni njia halali zote, na kila moja imeshatajirisha wengine na kuwaangusha wengine. Kinachotenganisha makundi hayo mawili ni maandishi yaliyokuwapo kabla. Mwenye haki anaamua bei na kwa kiasi kikubwa anaamua hadithi, kama filamu ya Queen inavyoonyesha kwa uzuri na kwa ubaya. Nguvu hiyo inafaa ibaki kwa watunzi wa Kagera, nao waitumie kwa kiasi, ili hadithi zao zisimuliwe kwa nyimbo zao bila kupoteza ukweli.